Shubiri ya Koleo

Rili ya uzi ilimponyoka Vumbi mkononi, ikaanguka sakafuni na kubiringika. Ni jambo dogo. Nani hajawahi kuangusha uzi? Lakini rili ile haikubiringika ovyo. Ilitoka ukutani, ikapita katikati ya ndoo za udongo, polepole, kama mtu anayejua anakokwenda, ikatulia kwenye miguu ya sanamu. Vumbi akaiokota, akaenda nayo kona ya pili, akaiweka chini bila kuisukuma. Ikaenda palepale. Alipoijaribu kona ya tatu na kuona nayo inaelekea kwa sanamu, aliitia mfukoni akajiambia kwamba mbao za nyumba ya zamani hazijawahi kunyooka. Kijasho chembamba kilikuwa kimeshamtoka.

Chini ya sakafu hiyo, usawa uleule wa pale rili ilipotulia, mama yake alikuwa anashona.

Vumbi si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliombatiza tangu alipoanza kazi ya kufinyanga sanamu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekumbuka mara ya mwisho kumwona msafi. Aliyelifurahia jina hilo kuliko wote ni mama yake mzazi, fundi cherehani aliyejulikana kila kona kwa mapindo yaliyonyooka kama yamepigiwa rula. Mteja akilalamika kwamba nguo yake imekutwa na vumbi, mama alikung'uta nguo na kujibu kwamba katika nyumba hii Vumbi yuko juu na vumbi liko chini, na wote wawili hawalipi kodi.

Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa moja. Chini kulikuwa na duka la mama, na juu kulikuwa na chumba kimoja kipana kilichowahi kuwa stoo ya magodoro, na godoro, kama unavyojua, si mzigo wa kuitisha boriti. Nuru nzuri iliingilia upande mmoja tu, upande wa madirisha makubwa yanayotazama barabarani. Mama aliweka cherehani yake dirishani chini, na binti akasimamisha sanamu yake dirishani juu. Hakuna aliyekosea hapo. Kila fundi huifuata nuru.

Sanamu yenyewe ilikuwa ya Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa mkunga wa hospitali kwa miaka arobaini kabla ya kufariki. Kamati ya hospitali ilitaka asimame mbele ya wodi mpya ya wazazi, na ilimpa Vumbi kazi hiyo kwa sababu ni fundi hodari, si kwa sababu ni ndugu. Katibu wa kamati alilirudia hilo mara tatu, mpaka likaanza kuonekana si kweli. Vumbi alimwazia gwiji huyo wa kazi akiwa ameinama kidogo mbele, mikono imenyooshwa kupokea mtoto, sikio limegeuzwa upande kama anasubiri kilio cha kwanza. Angemfinyanga kwa udongo, kisha angempaka plasta nzito juu ya udongo ili kupata kalibu, na ndani ya kalibu hiyo ndimo shaba ingemiminwa baadaye kwa mafundi wa tanuri.

Lakini udongo hausimami wenyewe. Unahitaji mifupa ya chuma ndani yake, na mifupa ilikuwa kazi ya Koleo, mchomeleaji wa mtaa wa pili, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa anafungua nati kwa vidole. Vumbi alimpigia simu kumpa vipimo kwa namna aliyofundishwa na mwalimu wake wa sanamu, mzee mkali aliyepiga marufuku futi darasani na kusema mwili hupimwa kwa mwili. Alimwambia shubiri kumi na nne toka unyayo hadi utosini, mapaja shubiri nne, mabega shubiri tatu na kidogo. Koleo akaitikia, akatandaza kiganja chake kwenye nondo, akapima.

Alikuja na vyuma vipande vipande, akavipandisha ngazi na kuviunganisha kule juu. Walipomaliza, Vumbi akainua macho na kuona mifupa ya jitu. Akamwuliza amepima kwa kutumia nini. Koleo akanyoosha mkono wake, Vumbi akaweka wake juu yake, na vidole vya Koleo vikachomoza kote kama sahani kubwa chini ya kisosi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama aliposikia kicheko alipaza sauti toka chini kuuliza kuna nini, wakamwambia kwamba dada yake amerefuka. Vumbi akasema hapana neno, kikubwa kitapendeza zaidi.

Hapo ndipo alipokosea, na hakujua kwa wiki nyingi. Kitu kikirefuka kwa sehemu moja ya tano hunenepa pia kwa sehemu hiyo mbele, nyuma na ubavuni, na uzito wake hukaribia kuwa maradufu. Alikuwa amekadiria ndoo thelathini za udongo. Ndoo ya thelathini ilipoisha, Mama Mkubwa hakuwa na mabega. Ya arobaini ilipoisha hakuwa na mikono. Sasa alikuwa ameshakula ndoo hamsini na moja, na kilichobaki ni uso. Shubiri ile ya kuchekesha ilikuwa imegeuka ile nyingine, ile chungu.

Alianza kuogopa bila kujikubalia. Alijikuta anatembea kandokando ya ukuta, akivuka katikati ya chumba pale tu kazi ilipomlazimu. Akipanda ngazi yake ya kazi alipanda kwa vidole vya miguu, na akisikia mbao zinalia alisimama na donge la udongo mkononi, pumzi imekatika, mpaka pakawa kimya. Kila mara aliwaza jambo moja: kichwa cha mama yake kilichoinamia cherehani, na kitambaa cheupe alichokifunga nywele, kiko futi ngapi kutoka hapa.

Mlango wa duka ukaanza kukwama. Mama alimwita fundi seremala akauranda. Wiki iliyofuata ukakwama tena. Vumbi laini lilianza kuchuruzika toka darini na kutua juu ya sare za shule zilizokuwa zimerundikwa mezani. Mama akamwuliza bintiye kuna nini huko juu. Vumbi akajibu ni panya. Siku nyingine akamwuliza tena, mbona panya hawa wana uzito, na Vumbi akacheka na kusema wameshiba. Alijichukia kwa kicheko hicho mchana kutwa.

Alijaribu kumhamisha kwa ujanja. Alimwambia aende akapumzike kwa kaka mkubwa wa Vumbi wiki mbili tatu, wajukuu wamemkumbuka. Mama akajibu kwamba wajukuu wakimkumbuka wanajua njia, na kwamba sare za watoto wa watu zinangoja. Alimwambia basi asogeze cherehani nyuma, karibu na jiko, kuna hewa. Mama akamtazama juu ya miwani yake muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Nuru iko hapa," akasema. "Na wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Basi Vumbi akarudi juu na roho mkononi. Kumwambia ukweli kulimaanisha kubomoa, na kubomoa kulimaanisha kuwaambia kamati kwamba binti wa ndugu, aliyepewa kazi kwa sababu ni fundi, ameshindwa kupima. Zaidi ya hayo, alikuwa amembeba Mama Mkubwa mikononi mwake miezi mitatu, na hakutaka kumzika mara ya pili. Akajipa moyo kwamba uso ni ndoo mbili tu. Akakataa kabisa kufikiria plasta, ambayo nayo ingekuwa mifuko ishirini.

Mama hakuwahi kupanda kuiona sanamu. Alisema magoti hayamruhusu, na kwamba hata yangemruhusu, hawezi kumtazama dada yake bila uso. Ukimaliza uso utaniambia, alisema. Jambo pekee alilotuma juu ni aproni mpya ya turubai aliyomshonea bintiye. Vumbi aliivaa, akaona pindo lake limekwenda upande, likarudi, likaenda upande tena. Alishtuka kidogo, maana hajawahi kuona pindo la mama yake limepinda. Akawaza kwamba macho ya mama yanachoka, na kwamba akimaliza kazi hii atampeleka kupimwa miwani mingine.

Alhamisi, kabla ya siku ambayo kamati ilikuwa ije kuutazama uso, alianza asubuhi na kufika saa tisa alasiri alikuwa anamalizia kona ya mdomo. Alikuwa ametundika timazi, uzi wenye jiwe mwishoni, kutoka darini hadi kwenye kidole gumba cha mguu wa sanamu, ili ajue kama mwili umekaa sawa. Uso ulikuwa umetokea. Alishuka ngazi, akarudi nyuma hatua tatu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita Mama Mkubwa alikuwa mbele yake, amemgeuzia sikio, anasubiri. Vumbi alifurahi. Furaha hiyo ilidumu kama kumeza mate mara moja.

Sauti ilitoka chini ya miguu yake. Haikuwa ile ya mbao kulia aliyoizoea. Ilikuwa fupi na kavu, kama kuvunja muwa gotini. Sanamu ilitikisa kichwa mara moja tu, kama mtu aliyeitikia jambo, kisha ikatulia. Vumbi akatazama timazi. Jiwe halikuwa tena juu ya kidole gumba. Lilikuwa juu ya kisigino, na uzi haukuwa umehama. Aliyehama ni Mama Mkubwa, ameteleza mbele na kuinama zaidi kuelekea dirishani.

Hakumbuki aliteremkaje ngazi. Alimkuta mama ameketi palepale, mikono juu ya kitambaa, cherehani imenyamaza. Mabega yake yalikuwa yamejaa vumbi jeupe. Vumbi akamshika mkono, akamvuta, akamwambia atoke sasa hivi, na maneno yote aliyoyafungia wiki tatu yakamtoka kwa mpigo: kwamba si panya, kwamba hawajawahi kuwa panya, kwamba ni shubiri, kwamba ndoo ni nyingi mno, kwamba boriti imevunjika na yeye alijua na akanyamaza.

Mama hakusimama. Aliutoa mkono wake taratibu, akanyoosha kidole ukutani, nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Vumbi akalisogeza pazia. Kulikuwa na msumari umepigiliwa darini, na toka kwenye msumari ilining'inia futi ya kitambaa, ile ya kupimia wateja viuno. Usawa wa ncha yake, ukutani, kulikuwa na mistari ya chaki ya ushonaji, mmoja chini ya mwingine, na kila mmoja na tarehe yake. Ilikuwa ishirini na mmoja. Toka wa kwanza hadi wa mwisho palikuwa na upana wa vidole vitatu.

"Ulijua," Vumbi akasema.

"Mimi ni fundi. Kitu kikishuka huwa naona."

"Na ukaendelea kukaa hapa chini yake? Mama, ungekufa."

"Na wewe ulikuwa juu yake," mama akasema. "Dari ingeanguka, isingeanguka bila wewe. Mwanangu, nilikuwa nakusikiliza toka hapa. Ulikuwa unatembea kwa vidole. Ulikuwa unapanda ngazi kama mwizi. Nikawaza, huyu anaogopa kwa sababu mimi nipo chini. Nikihama kwenda kwa kaka yako, utaacha kuogopa. Ukiacha kuogopa utakanyaga kwa nguvu, utaleta mifuko ya plasta, utamaliza kazi yako, na mtashuka na dada yangu wote wawili."

Vumbi akamwuliza kwa nini basi hakumwambia, neno moja tu. Mama alijibu bila kumtazama. Alisema aliuliza mara mbili akajibiwa panya, naye akaona mtu anayemdanganya mama yake kuhusu panya atamdanganya pia kuhusu kubomoa. Kisha akasema lililobaki, na hilo lilimtoka kwa shida. Alisema kila asubuhi alipochora mstari alijiambia leo nitamkataza, halafu akakumbuka kwamba uso bado. Alitaka kumwona dada yake.

Juu yao kitu kikalia kwa sauti ndefu, kikanyamaza. Wote wawili wakatazama darini. Vumbi akamsihi tena atoke, akamwahidi kwamba akishatoka atapanda kubomoa.

"Nitatoka nikiona kimeshuka kitu," mama akasema. "Ahadi zako nimeshazisikia."

Hakukuwa na la kubishana. Alistahili. Vumbi akapiga moyo konde akapanda ngazi, na daraja la mwisho akalipanda kwa kushika kwa mikono. Chumba kilikuwa kimejaa jua. Alipita ukutani, mgongo umegusana na lipu, akaichukua waya ya kukatia udongo. Ngazi ya kazi ilikuwa mbele ya sanamu, upande ulioinama. Alijua uzito wake mwenyewe ni kiasi gani na akautamani uwe nusu. Akapanda. Alikuwa akitetemeka kiasi kwamba ngazi ilikuwa inagonga sakafu kidogokidogo, na kila ilipogonga alimwazia mama anaisikia.

Kichwa kizima hakibebeki, kingemwangusha. Akaipitisha waya mbele ya masikio, akashika vishikio viwili, akavuta toka utosini kushuka, polepole, kwa macho makavu, akimkata Mama Mkubwa uso kama mtu anavyokata kipande cha sabuni. Aproni alikuwa ameivua na kuitandaza begani. Uso ukaja wote, mzito, baridi, unene wa vidole vinne, akaupokea kwa turubai na kifua. Akashuka akiwa ameukumbatia. Nyuma yake sanamu ilibaki imenyoosha mikono, bila uso, na chuma cha Koleo kimechomoza katikati.

Dukani akauweka juu ya meza ya kukatia nguo, akafunua aproni. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Aliutazama uso ule kwa muda ambao Vumbi aliuhesabu kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Kisha akagusa pua kwa kidole kimoja.

"Pua ni yake," akasema. "Mdomo umemwonea haya. Alikuwa na maneno mengi kuliko huo."

Akasimama, akachukua sindano yake na mkasi, akatoka nje bila kugeuka nyuma.

Koleo aliitwa akaja akikimbia. Yeye na Vumbi waliweka nguzo za chuma chini ya dari, nne, na waliposhusha udongo walishusha ndoo mojamoja toka juu kwenda chini, siku mbili nzima, huku duka likiwa tupu na mama akiwa ameketi kivulini upande wa pili wa barabara. Katibu wa kamati alifika Ijumaa, akakuta mkunga amebaki kiuno, akapiga kelele za kutosha, kisha akaonyeshwa mistari ya chaki na sauti yake ikashuka. Walipong'oa mbao Jumamosi waliiona boriti. Ilikuwa imepasuka, na kilichoshikilia mzigo wote ule kilikuwa kipande cha unene wa vidole vitatu. Koleo aliweka vidole vyake vitatu hapo kupima, akakumbuka, akaviondoa, akaketi chini. Vumbi akaweka vyake. Havikujaza.

Jioni ile alivuka barabara na rundo la sare kumpelekea mama. Alimkuta anajaribu kutunga uzi kwenye sindano, na uzi haupiti, maana mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka. Vumbi akamtungia. Akaanza kuzipanga sare, na hapo ndipo alipoona. Za chini ya rundo, zilizoshonwa zaidi ya mwezi uliopita, mapindo yake yalikuwa yamenyooka kama rula. Za juu, za wiki tatu hizi, kila pindo lilikuwa limekwenda upande likarudi, limekwenda upande likarudi. Macho ya mama hayakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameshona kila mshono wa wiki tatu huku anatazama darini.

Vumbi alilia palepale barabarani, na watu wakapita wakimtazama, na mama akamwambia anyamaze atawafukuza wateja. Kisha mama akaiona aproni kiunoni mwake, akashika pindo, akakunja uso kwa aibu ya fundi aliyenaswa.

"Nani kashona uchafu huu? Ivue, nikushonee upya."

Vumbi akasema aproni iko sawa. Siku hizi anamfinyanga Mama Mkubwa uani, juu ya ardhi, kwa kijiti kilichokatwa usawa wa shubiri yake mwenyewe, na Koleo amepewa cha kwake kinacholingana nacho. Uso wa kwanza uko dukani, umefunikwa kitambaa kibichi, mama huunyunyizia maji kila asubuhi. Kila wiki huomba ile aproni, na kila wiki Vumbi humnyima.